Matembezi ya Vuli Nyikani Malindi: Maswali Tunayoulizwa Kila Msimu

Upepo wa kusi ukishalegea na mawingu ya kwanza kuanza kujikusanya upande wa bara, simu yangu haitulii. Wengi huuliza yale yale: mnakwenda lini, kuna nini huko, nibebe nini, na, kwa sauti ya chini kidogo, je ni kweli kuna dhahabu? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja usiku, basi nimeyaandika yote hapa. Sisi si kampuni. Ni watu wa Malindi, kama kumi hivi, tunaopenda kuzurura nyika ya Magarini siku za mapumziko, kutafuta mawe, kuchuma kinacholiwa, na kurudi kabla ya magharibi.

Kwa nini vuli, si wakati mwingine?

Januari na Februari nyika hukausha mate mdomoni. Masika nayo njia hugeuka utelezi, na gari likizama kwenye tope mtashinda hapo mkilisukuma. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwanzo wa kumi na mbili ndipo mambo hukutana: ubuyu na ukwaju wa kiangazi bado vinaning'inia, mboga zinachipua kwa manyunyu ya kwanza, na mvua yenyewe inatufanyia kazi ya kuosha mawe. Kijito kilichopitisha maji usiku huacha changarawe safi asubuhi, rangi zote wazi. Jiwe lile lile wiki iliyopita ungelipita ukidhani ni bonge la udongo.

Mnakwenda wapi hasa?

Mara nyingi Marafa. Tunavuka daraja la mto Sabaki, tukifika Mambrui tunaiacha barabara ya Lamu na kukata kushoto. Njia ikiwa kavu ni mwendo wa kama saa moja. Korongo la Marafa watalii hulipa jina la Jiko la Jehanamu, lakini Wagiriama wenyewe huliita Nyari, pale palipobomoka penyewe. Kuta zake ni mchanga ulioshikamana, umechongwa na mvua na upepo mpaka ukawa minara na matuta: tabaka jeupe, la waridi, la chungwa, na jekundu nzito juu yake. Wazee wa pale watakusimulia kuhusu ukoo tajiri uliokuwa na ng'ombe wengi hata wakaoga maziwa, huku majirani wakilala njaa. Mungu akawadidimiza na mali yao. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Ukiwa chini ya korongo jioni, jua likipiga kuta za mashariki, hadithi hiyo haikatai kuaminika.

Siku nyingine tunasogea upande wa msitu wa Dakatcha, ambako kwera anayeitwa wa Clarke hujenga viota vyake. Ndege huyo haishi popote duniani isipokuwa katika sehemu hizi za Kilifi. Mara moja moja tunaelekea Mlima Mangea, upande wa Ganze. Si mlima wa kumtisha mtu, lakini katika nchi tambarare kama hii ukiwa juu yake unaona mbali.

Haya, dhahabu ipo au haipo?

Haipo Marafa. Najua umesikia vingine.

Asili ya uvumi huu ni kitu kinachong'aa. Nenda ufuo wa Mambrui saa nne asubuhi utaona mchanga unameta kama umenyunyiziwa unga wa dhahabu. Kinachometa ni ulanga: vipande vyembamba kama magamba ya samaki, vyepesi, vinavyorudisha mwanga. Mwaka fulani mpwa wangu alijaza mfuko wa unga wa kilo mbili kwa mawe yenye ulanga, akaulinda njia nzima, hata maji alikunywa kwa mkono mmoja. Jumatatu tukampeleka kwa sonara. Mzee yule hakucheka. Alichukua kisu kidogo, akakwangua, kile king'aacho kikabanduka ngozi kwa ngozi. Akamwambia, "Mwanangu, dhahabu ukiigonga hutandaa. Hii inavunjika." Mtoto alijifunza zaidi siku ile kuliko nilivyomfundisha mimi mwaka mzima.

Kilichopo kweli ufuoni ni mchanga mweusi. Huo ni mzito, una ilmenaiti, madini yanayotoa titani, na ndugu wa mchanga uliochimbwa Kwale kwa miaka kadhaa. Pitisha sumaku kavu juu yake uone baadhi ya punje zikirukia. Na huko bara zaidi, Vitengeni na Kinangoni, kuna madini ya risasi na bariti yanayojulikana tangu zamani. Lakini hayo ni mambo ya mashine na leseni, si ya mtu mwenye kikapu.

Basi mnatafuta mawe gani?

Kokoto za kwatsi (quartz), hasa. Nyeupe kama maziwa, za moshi, za manjano, na kwa nadra moja inayopitisha mwanga kama kioo. Tunatafuta pia vipande vya mchanga mgumu vyenye mistari ya rangi. Thamani yake sokoni ni ndogo mno. Thamani yake dirishani kwangu ni suala jingine.

Nitalijuaje jiwe nililookota?

Kwa vitu vitatu vilivyomo jikoni kwako. Cha kwanza ni chupa kuukuu. Kwatsi hukwaruza kioo, na kisu cha kawaida hakiachi alama juu ya kwatsi. Jiwe jeupe linalokwaruzwa na kisu si kwatsi. Cha pili ni ndimu. Kwangua jiwe kidogo upate unga, kamulia ndimu juu yake na utazame kwa karibu: likitoa mapovu ni jiwe la chokaa, jamii moja na matumbawe tuliyojengea nyumba zetu za zamani. Cha tatu ni sumaku, nayo nimeshaieleza.

Kuna jaribio la nne watu hulipenda, la kulamba. Sitakuzuia, ila kumbuka mbuzi wamepita hapo.

Sheria inaruhusu kuchukua mawe?

Katiba ya 2010, ibara ya 62, inayahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 imeyaweka mikononi mwa Jamhuri kwa niaba ya wananchi. Maana yake, hata mwenye shamba na hati yake mkononi hana ruhusa ya kuchimba madini na kuyauza bila leseni. Kibali cha mchimbaji mdogo hutolewa kwa Mkenya pekee. Kwa hivyo sisi hatuchimbi. Tunaokota kilicho juu, na kanuni yetu ni jiwe moja kwa mtu, linaloingia kiganjani, na baada ya kumwomba mwenyeji. Ndani ya korongo la Marafa hatuchukui hata hilo moja. Wanakijiji wanaishi kwa ada ya wageni wanaokuja kuliona, na kila anayebandua ukuta anabandua chakula cha mtu.

Matunda gani tutapata?

Ubuyu kwanza. Mbuyu huchanua usiku, maua meupe makubwa yanayoning'inia, na popo ndio wanaoyatembelea. Matunda yaliyokomaa hukaa mtini miezi mingi, kwa hivyo wakati wa vuli bado yapo ya msimu uliopita, huku majani mapya yakianza kufunguka. Chukua lililoanguka lenyewe. Litikise: likisikika kama kayamba, ni kavu na zuri. Likiwa na tundu hata dogo, achana nalo, wadudu wamekutangulia. Watoto wa mjini waliozoea ule mwekundu wa kwenye vifuko, uliopikwa na sukari na iliki, hushangaa wanapokuta ndani ni mweupe na mkali.

Ukizungumzia mibuyu hapa Kilifi utaulizwa juu ya ile iliyong'olewa mizima mwaka 2022 ili isafirishwe nchi ya Georgia, mpaka Rais akaamuru jambo hilo lichunguzwe. Bibi mmoja wa Marafa aliniuliza swali ambalo sijapata jibu lake: mti uliozaliwa kabla ya babu yake, nani aliwaambia wale una bei?

Ukwaju pia. Ganda likivunjika kwa vidole bila kunata, umeiva. Epuka zile zilizotobolewa matundu madogo kama ya sindano.

Makoma utayakuta karibu na Sabaki: matunda ya kahawia ya mkoma, magumu, yanatafunwa nje tu na kuacha kokwa. Utamu wake ni wa tangawizi na sukari guru. Nyuzi zake zitakaa kwenye meno yako mpaka usiku. Majani ya mti huo huo ndiyo miyaa, na ukimwona mama amekaa kivulini anasuka ukili, kaa naye kidogo, utajua mengi kuliko kwenye ukurasa huu.

Kuna fudu, nyeusi na tamu ya udongo udongo, za watoto wanaochunga. Kuna mabungo, yanayotambaa juu ya miti mingine, ndani yana kokwa zilizovikwa nyama ya manjano iliyo kali hadi machozi. Sukari na maji baridi huyatengeneza. Makwakwa yana ganda kama mpira wa mbao. Nyama yake hunyonywa, lakini kokwa usitafune wala usisage, maana zina sumu. Kunazi ukizikuta vuli huwa zimekauka, na mimi nazipenda hivyo.

Mti wa porini si wa kila mtu?

Hapana, na hili ndilo kosa kubwa la watu wa mjini. Nyika huonekana tupu kwa sababu haina ukuta wa mawe wala lango. Pwani hii mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, kama ilivyo kwa minazi na mikorosho. Mkwaju uliosimama peke yake katikati ya vichaka una jina la mtu. Mzinga uliotundikwa juu una jina la mtu. Mwaka wa kwanza tulijaza pakacha la ukwaju tukidhani tumebarikiwa, mara akatokea mzee na mkongojo, hakupaza sauti, akatuuliza tu, "Mmevuna?" Tulishikwa na aibu mpaka miguu ikawa mizito. Tukalitua pakacha. Yeye akatugawia nusu. Tangu hapo tunaanza kwa hodi, shikamoo na kuuliza, na hatujawahi kunyimwa.

Vuli nayo ndiyo huanza msimu wa korosho. Usiziguse. Ni pesa za ada ya shule za watu. Isitoshe mafuta ya ganda bichi huunguza ngozi ikatoka malengelenge.

Na mboga?

Mvua ikishanyesha wiki moja au mbili, kuna mchunga, mnavu, mlenda na mchicha wa porini, pamoja na majani machanga ya mbuyu. Mchunga ni mchungu kweli kweli: chemsha, mwaga maji, kisha pika kwa tui zito. Ukiutoa uchungu wote umeuharibu. Mnavu chuma majani, na usile tunda lake bichi. Usichume kando ya barabara kuu wala pembeni mwa shamba lililopigwa dawa.

Tunaweza kuchuma uyoga?

Unaweza kuutazama.

Nisikufiche, huu ndio mjadala unaorudi kila mwaka katika kikundi chetu, na kila mwaka nasimama upande ule ule. Mvua za vuli huotesha uyoga wa kichuguu, ule mkubwa wenye mguu mrefu unaozama ndani ya makazi ya mchwa, na ni kitoweo kinachoshindana na nyama. Tunauchukua pale tu mama wa kijiji kile anapouchuma kwa mkono wake na kutuambia huu ndio anaoupikia wanawe. Mtu wa Malindi mjini hachumi kwa macho yake, hata awe ameusoma vipi.

Sababu yangu ni hii. Uyoga unaoua kuliko wote hausemi kitu kwa saa sita au zaidi. Mtu anakula, anasifu, analala. Kutapika na kuhara kunapoanza usiku, sumu imeshafika kwenye ini. Siku ya pili huweza kupata nafuu akadhani yamepita, kumbe ini linaharibika. Zile mbinu za kuchemsha na kijiko cha fedha au kitunguu saumu uone kama kitageuka rangi ni uongo mtupu. Kuona umeliwa na konokono au tumbili si ushahidi pia, tumbo lake si lako. Kama mtu amekula na ana shaka, aende hospitali hata kabla ya dalili, na mabaki ya uyoga ayabebe.

Kipi kingine kisiliwe?

Mbegu za mtipitipi, zile nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga, zina sumu kali zikitafunwa. Mbegu za mbarika na za mbono kaburi vile vile. Kuna pia kichaka cha majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda kama zambarau ndogo. Wawindaji wa Waata, mabingwa wa upinde mrefu katika nchi hii, walipika magome na mbao zake kupata sumu ya mishale iliyoangusha ndovu. Usikitumie hata kuni zake kuchomea nyama.

Usipolijua, usile. Hatuna mtihani wa kuonja.

Nikikuta kigae, sarafu au kigango?

Kigae cha kaure au sarafu kiache mahali pake. Piga picha, kumbuka mahali, kisha tuwaambie watu wa makumbusho hapa Malindi. Kitu kikishatolewa ardhini hupoteza nusu ya maneno yake. Mambrui mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walichimbua sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Ingekuwa mfukoni mwa mpita njia, ingekuwa kipande cha shaba tu. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inalinda vitu hivi.

Kigango ni zaidi ya hapo. Mti ule uliochongwa kichwa na mabega umesimamishwa kwa ajili ya marehemu, na kwa wenyewe marehemu yupo pale. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani, na vingine vimefuata baadaye. Usikiguse, usikiegemee, na picha uombe kwanza. Kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, hatuingii kabisa bila wazee.

Vipi kuhusu nyoka, mamba na nyuki?

Nyoka wa kuogopwa zaidi ni moma, kwa sababu ana uvivu wa kukimbia: hulala njiani akakungoja umkanyage. Vaa viatu vinavyofunika vifundo, usitie mkono chini ya jiwe (geuza kwa fimbo, ukilivutia upande wako ili mwanya ufunguke mbali nawe). Aliyeumwa alazwe atulie, kiungo kisichezeshwe, pete na saa zivuliwe, apelekwe hospitali. Hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba ya kukaza. Wala hatumwindi nyoka ili tumbebe kama kielelezo.

Sabaki ina mamba na viboko. Hatuoshi changarawe ukingoni, hata maji yakiwa madogo kiasi gani. Nyuki wakikuvamia funika uso na kimbia moja kwa moja, usisimame kuwapunga.

Nibebe nini?

Maji, lita tatu kwa mtu. Nasema tatu na kila safari yuko anayekuja na chupa moja ya nusu lita. Kofia, fimbo, kikapu cha miyaa badala ya mfuko wa plastiki, kisu kidogo, sumaku ukiwa nayo. Chakula kisichoharibika: mahamri, tende, viazi vya kuchemsha. Vifaa vya kisasa vya kutafutia madini acha nyumbani, vinawatia wenyeji wasiwasi, na wana haki.

Watoto wanaruhusiwa? Wazee je?

Watoto kuanzia miaka saba hivi, na mzazi wao. Wazee karibuni sana. Kushuka korongoni kuna miteremko ya kuteleza, asiyetaka hubaki ukingoni kivulini na mara nyingi ndiye anayerudi na hadithi nzuri zaidi.

Mnatoka siku gani?

Jumamosi au Jumapili. Ijumaa hatutoki. Mwezi wa Ramadhani hatutoki.

Kwa nini msiende Arabuko-Sokoke? Ni karibu zaidi.

Tunakwenda, lakini kutazama ndege na vipepeo tu. Ule ni msitu wa hifadhi, kama kilomita za mraba 420, na kuchuma ndani yake kunahitaji ruhusa. Kisha kuna ndovu. Msitu wa Boni upande wa Lamu hatuendi kwa sababu ya usalama, na tusiulizane zaidi.

Mvua ikinyesha siku yenyewe?

Manyunyu tunakwenda. Mvua ya usiku kucha hatushuki korongoni siku hiyo wala kesho yake: kuta zile ni mchanga, zikilowa humeguka bila taarifa. Pameitwa Nyari kwa sababu. Siku kama hiyo tunaishia Mambrui, tunatazama maji mekundu ya Sabaki yakiingia baharini, tunanunua kaimati, tunarudi.

Tunakutana wapi na saa ngapi?

Stendi ya matatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Gari likijaa linaondoka. Mwaka jana tulimwacha hata shemeji yangu, na gari lilikuwa lake.